Vidole Vinane Ukingoni mwa Meza

Hebu nijibu wewe unayesoma: umemkanyaga mtu mguu pale sokoni Mwanga, ukamvunja kidole, halafu badala ya kumgeukia yeye ukamgeukia muuza nyanya aliyekaa pembeni, ukamwambia "samahani sana mama," naye muuza nyanya akakujibu "yameisha baba, nenda kwa amani," ukaenda zako unapiga mluzi. Umesamehewa na nani?

Usijibu haraka. Thobias wa Rusimbi alijibu haraka, na mkewe mpaka leo anaishi kwa vijiko vya maji.

Thobias alikuwa na boti ya mbao yenye injini, na alikuwa mzee wa kanisa. Silitaji kanisa, wenyewe wanajijua. Kila Jumapili ukifika wakati wa ushuhuda alisimama na suti yake ya kijivu akasema maneno yaleyale: "Bwana asifiwe. Dhambi zangu ziko kilindini. Mungu amezitupa, na mimi sizifuati." Watu amina. Hakuna aliyemuuliza dhambi zipi, maana katika kanisa lile kuuliza dhambi iliyokwisha kusamehewa ni dhambi mpya. System nzuri sana hiyo, kwa mtenda. Mtendewa ajipange.

Ilianza Jumamosi moja ya mwezi wa sita, 2016, saa nne asubuhi, jua limewaka mpaka bati linalia. Scola, mke wa Thobias, alikuwa ameifuta meza ya mninga kwa kitambaa kikavu, akatoka uani kutazama maharage jikoni. Aliporudi alikuta ukingoni mwa meza alama za vidole vinane vya maji. Vinne huku, vinne kule, vimeachana upana wa mabega. Hakukuwa na alama ya kiganja. Vidole tu, kama vya mtu anayening'inia upande wa pili na hataki kuanguka. Scola akainama, akapapasa chini ya ubao. Akakuta unyevu mahali pawili, palepale ambapo vidole gumba vingekaa.

"Baba Oswald, umeshika meza na mikono ya maji?"

Thobias alikuwa kwenye kochi anaandaa somo la kesho yake. "Mimi sijanyanyuka hapa tangu chai."

"Basi nani?"

"Labda paka."

"Paka wa vidole vinane," Scola akasema, akafuta.

Kitambaa kikanuka. Harufu yake ilikuwa ya kitenge kilicholala kimelowa siku tatu, na ndani yake kulikuwa na ukali wa klorini, ile dawa waliyokuwa wakipuliziwa wakimbizi miguuni mwaka uliotangulia, Warundi walipomiminika Kagunga, kule mpakani, na kipindupindu kikaingia nao. Mji mzima ulikuwa unaijua harufu hiyo. Thobias naye aliisikia, kwa sababu alilifunga daftari lake, akatoka kwenda kutazama injini ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Wiki ile alama zikatembea. Leo ukingo wa kitanda, kesho ukingo wa ndoo, keshokutwa fremu ya dirisha. Kila mara ukingoni, kila mara mchana kweupe, na kila mara maji, wakati kiangazi kile kilikuwa kimekausha kila kitu mpaka midomo ya watu inapasuka. Halafu ikaja sauti. Kwaru. Kwaru. Kucha zinazoteleza juu ya mbao iliyolowa. Scola alikuwa akichambua mchele, akaisikia nyuma ya kiti chake. Akageuka, kiti kikawa kimya, nao mchele mapajani mwake ukawa na tone moja la maji.

Siku ya Alhamisi alikunywa kikombe cha maji baada ya kula, maji yakarudi. Ugali ulikaa. Dagaa walikaa. Maji peke yake ndiyo yaliyorudi, meupe, ya baridi kuliko yalivyoingia, na chini ya beseni yakaacha mchanga mdogo wa ufukweni. Akajaribu ya bomba, ya chupa, chai, uji, soda. Yote yalirudi yakiwa maji yaleyale. Hospitalini walipima malaria, hakuna. Kipindupindu, hakuna. Wakamtundikia dripu, akapata nguvu, wakamruhusu, na daktari kijana akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, jitahidi kunywa maji mengi." Miaka mitano chuoni kwa ajili ya sentensi hiyo.

Jirani yake Mwanvua, Mmanyema wa Ujiji na muuza mawese, alikuja kumjulia hali mchana wa Jumamosi ya pili. Alimkuta amelala, macho yameingia ndani.

"Shoga, usiniambie ni mimba."

"Mimba ya miaka hamsini na mbili, Mwanvua?"

"Mbona Sara alizaa na tisini. Si kwenu huko mnasoma?"

Scola akacheka, mdomo ukapasuka, akaufuta kwa kanga. Mwanvua naye alikuwa bado anacheka alipoona ubao wa kitandani, ule wa miguuni, unalowa. Vidole vinane vilitokea kwa pamoja, vimebana mpaka ukasikia mbao inalalamika, halafu havikuondoka kwa pamoja, viliondoka kimoja kimoja, kuanzia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, taratibu, kama kuna mtu mwingine asiyeonekana anayekiinua kwa nguvu, anakikunjua, anakiachia, anakwenda kwa cha pili, na kila kilipobanduka palisikika mlio mdogo kama wa gamba la samaki linapotoka kwenye ngozi, mpaka kikabaki kidole kimoja cha mkono wa kulia, na hicho kilikaa muda mrefu kuliko vyote, kikitetemeka, mwanamke wa Kiislamu na mwanamke wa Kikristo wakikitazama bila kupumua, hata nacho kikatoka.

Mwanvua alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Mama Oswald, nyumba hii ina mtu."

"Nyamaza."

"Ninyamaze nini na umeona. Na hakuja mwenyewe. Kuna aliyemleta."

Mwanvua hakuwa ametoka hata nje ya ua wakati Scola alipoanza kutapika tena, na safari hii kuna kitu kilimkwama kooni. Akaingiza vidole viwili, akavuta. Ilitoka karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya shuka. Wino wa bluu haukuwa umetawanyika hata kidogo, utadhani umeandikwa asubuhi hiyo. Na mwandiko aliujua, maana mwandiko huo ndio ulioandika barua zake za uchumba. *Nilimwacha kwenye mawe. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja.*

Thobias aliporudi, Scola alimwekea karatasi kiganjani bila kusema neno. Mume akaitazama, akakaa chini sakafuni.

"Hii niliifunga kwenye jiwe," alisema. "Niliitupa mwenyewe. Mbali, pale maji yanapokuwa meusi."

Nieleze hapa, kwa faida ya wageni. Mchungaji Gervasi, aliyeletwa kwetu kutoka mikoa ya kusini, alikuwa na kitu alichokiita Huduma ya Kilindi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi waumini wanaandika dhambi zao kwenye karatasi, wanafunga kwenye mawe, wanapanda boti ya Thobias, wanakwenda kuzitupa ziwani. Mungu amezitupa kilindini, basi na sisi tuzitupe tuone kwa macho. Watu walilia, walikumbatiana, walipiga picha. Na hakuna hata mmoja, si mchungaji, si mzee wa kanisa, si wale wenye vyeti vya theolojia, aliyekumbuka kwamba mabomba ya mji huu yananyonya humohumo. Dhambi za kanisa zima mmezitia kwenye maji ya kunywa, halafu mnashangaa mtu amezinywa.

"Ulimwacha nani?" Scola aliuliza.

"Mama Oswald, dhambi iliyosamehewa haitajwi tena. Mchungaji alinikataza. Kuitaja ni kuitukana damu ya Bwana."

"Mimi nakufa kwa kiu, Thobias."

Katika miaka ishirini na nane ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina. Thobias aliinua uso. Halafu akachukua simu, akampigia mchungaji.

Walikuja Jumanne, saa tisa alasiri, watu kumi na wawili na spika. Spika, kwenye sebule ya hatua sita. Kati yao alikuwepo Goreth wa kwaya, Mrundi aliyevuka mwaka uliotangulia, aliyekuwa akishona kwa fundi mmoja Mwanga na kuishi kwa kujificha, kwa kuwa sheria ilimtaka awe kambini. Walimkalisha Scola kwenye kiti katikati ya chumba. Mchungaji Gervasi akamwekea mkono kichwani, akaanza kukemea, na spika ikapokea, na mbuzi wa jirani wakakimbia.

Baada ya kama nusu saa mdomo wa Scola ulifunguka. Midomo haikucheza. Sauti ilitoka nyuma yake, kutoka mbali, kama ya mtu anayesema huku maji yanampiga kifuani.

"Mbabarira."

Mchungaji akamgeukia Thobias. "Anasema nini?"

Thobias alikuwa mweupe kama majivu. "Anasema... nisamehe."

"Mmesikia, wapendwa?" Gervasi akacheka kwenye mic. "Pepo anaomba msamaha. Pepo ameshindwa. Basi nakwambia, umesamehewa, shuka uende zako."

Neno *shuka* lilikuwa halijaisha kwenye spika wakati kila mbao ndani ya chumba kile iliposhikwa: meza, mikono ya makochi, fremu ya mlango, kiti alichokalia Scola, stuli ya mama mzito wa kwaya, hata ule ubao mwembamba wa picha ya harusi ukutani, vidole vinane vinane, vinachuruzika, vinabana, na kwaru kwaru ikajaa chumba kutoka pande zote, na harufu ya kitenge kilichooza na klorini ikapanda mpaka watu wakaziba pua, na Scola akainama mbele, akaanza kutoa maji, maji yasiyokwisha, maji ambayo hakuwa ameyanywa, yakipita kati ya viatu vya wanamaombi kwenda mlangoni. Na katikati ya maji hayo sauti ikawa inarudia lilelile, bila hasira, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuwakwaza wenyeji. Mbabarira. Mbabarira.

Goreth ndiye aliyesema. Alisema chini chini, ameshika kitambaa chake cha kichwa.

"Mchungaji, unisamehe. Hilo neno maana yake si hiyo."

"Neno gani?"

"Kwenye sala, ego, ndiyo, ni nisamehe. Lakini mtu akikushika nguo barabarani akakwambia mbabarira, hajakukosea kitu. Anakwambia tafadhali. Nionee huruma. Huyu haombi msamaha. Kuna kitu anaomba."

Gervasi alizima mic. "Dada, wewe ni mgeni hapa. Usilete mafundisho."

"Ni mgeni, ndiyo," Goreth akajibu. "Ndiyo maana nalijua. Nimelisema sana nchini kwenu."

Mchungaji hakufunga hata kwa sala. Alikusanya waya za spika mwenyewe, na mlangoni akamshika Thobias kiwiko, akamnong'oneza kwa nguvu mpaka mate yakamrukia, "Yale yaliisha. Usikae ukayafufua. Umenielewa, mzee?"

Kesho yake asubuhi Mwanvua alimleta Mwalimu Hamdani wa Ujiji, mzee wa kisomo ambaye watu wa dini zote humtafuta kwa mlango wa nyuma. Thobias alijaribu kukataa. Nyumba ya mzee wa kanisa, watu watasemaje. Scola, ambaye ulimi ulikuwa umeanza kumgandia, alisema tu, "Wa kwako alikuja na spika."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Usiinuke."

Hamdani hakuwasha ubani. Hakuandika kombe la kunywesha. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya meza ya mninga na mkoba wake mapajani, akangoja, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Ilipofika saa nane mchana ukingo ukalowa. Akavitazama vidole vinane vikishika. Akavitazama vikifunguliwa kimoja kimoja mpaka kile cha mwisho. Halafu akauliza, bila kugeuka:

"Aliyevifungua hivi vidole ni nani humu ndani?"

Thobias aliinua mkono, kama mwanafunzi.

Hamdani akafunga mkoba. "Mimi siwezi kazi hii."

"Mwalimu, usituache," Mwanvua akasema.

"Jini ningemtoa. Majini nayajua, yana makabila yao na woga wao. Huyu ni mtu. Nikimtoa hapa nitampeleka wapi? Nyinyi mlikwisha kumtoa mara moja."

Nje muuza maji alipita akigonga madumu yake, Scola akafumba macho.

"Nifanyeje?" Thobias aliuliza.

"Mwombe radhi."

"Nimekwisha kuomba. Nimetubu, Mungu amenisamehe."

"Mungu mimi simsemei. Nasema huyu aliyeshika meza yako. Mwite jina lake, mwambie ulichomfanya, mwombe. Akikupa, amekupa. Akikunyima, haki yake."

"Sijui jina lake."

Mzee aligeuka sasa, akamtazama usoni. "Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Alasiri hiyo, Hamdani akiwa amekwisha kuondoka, Thobias alikaa ukingoni mwa kitanda cha mkewe akasema. Mwezi wa tano mwaka uliotangulia kanisa lilimtuma yeye na boti yake Kagunga kuchukua wakimbizi, huduma ya huruma, mchungaji mwenyewe ndani ya boti na kamera shingoni. Gervasi ndiye aliyeandika orodha pale ufukweni. Majina thelathini na moja, mmoja mmoja anataja, yeye anaandika, ili wafadhili waone. Walipoipita Gombe mwanamke mmoja wa kitenge cha njano akaanza kutapika na kuharisha. Watu wakasogea, boti ikalala upande. Kila mtu alijua ni nini. Gervasi alifunga leso mdomoni akasema ashushwe, tukifika tutatuma watu wenye dawa. Wakasogea kwenye ufukwe wa mawe, usio na kijiji wala njia, mlima umesimama nyuma yake kama ukuta. Saa nane mchana.

"Alishuka?" Scola aliuliza.

"Tulimshusha. Maji yalimfika hapa." Akajigusa kifuani. "Nilipowasha injini akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Akasema lile neno. Mchungaji akaniuliza, anasema nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia anaomba msamaha. Mimi ni Muha, Mama Oswald. Kirundi ni kama cha kwetu. Nilijua alichosema. Lakini lile lilikuwa rahisi kulitafsiri. Mchungaji akasema, basi ameungama, alituficha ugonjwa wake na sasa ameungama. Mwambie amesamehewa, ashuke kwa amani. Nikamwambia. Nikamwambia umesamehewa, huku namfungua vidole."

"Na watu wenye dawa?"

"Tulipofika kulikuwa na waandishi wa habari. Mchungaji akahojiwa. Nilirudi peke yangu siku ya tatu. Nilikuta kitenge kwenye mawe."

Scola alinyoosha mkono, akachukua kikombe kilichokuwa mezani siku nzima, akanywa. Wakangoja wote wawili, mume ameshika beseni. Baada ya dakika kumi maji yakarudi, lakini nusu. Nusu ilikaa. Scola alijigusa tumboni kama asiyeamini.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza."

"Wewe umemaliza," Scola akasema. "Kuna mwenzako."

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Thobias alisimama na suti ileile. Alipoanza, "Kuna mama tulimwacha," mpiga kinanda alipewa ishara, akaanza kupiga wimbo. Mic ikazimwa. Thobias akaendelea bila mic. Mwenye boti huyo, amezoea kupiga kelele juu ya injini, kinanda ni kitu gani. Akasema ufukwe, akasema vidole, akasema neno na tafsiri yake, akasema nani alikuwa na kamera shingoni. Na palepale, saa tano asubuhi, mbele ya watu mia tatu, ukingo wa mbele wa mimbari ukalowa: vidole vinane. Watoto walionyesha kwa mikono. Mama mmoja akaanguka. Lakini si vidole vilivyowatisha waliokaa mbele. Kilichowatisha ni Gervasi, ambaye alitoa leso mfukoni akaufuta ukingo ule bila kuutazama, kutoka kushoto kwenda kulia, akageuza leso upande mkavu, akafuta tena, akairudisha mfukoni, kama mtu anayefanya hivyo kila siku na amekwisha kuzoea.

Alikuwa anajua. Kwa mwaka mzima alikuwa anajua, na anafuta.

Baada ya wiki mbili alihamishwa. "Ametumwa shamba jingine la Bwana," ndivyo tangazo lilivyosema, nasi tukaambiwa tumwombee. Thobias alivuliwa uzee wa kanisa kwa kosa la kuidharau toba. Goreth kuna aliyekwenda kumtaja kwa maafisa, wakamchukua kwenye cherehani na kumpakia lori la kambini, na nguo ya mteja mkononi. Hiyo ndiyo asante yake. Thobias akabaki anakaa kwenye ile meza kila siku ifikapo saa nane, anaweka mikono yake miwili mbele ya vile vidole vinane, anasema, "Mama. Mama wa kitenge cha njano. Nilikudanganya, nilikuacha. Mbabarira." Vidole havimsikii. Ziwani humu wamo mama wangapi? Vinashika, vinafunguliwa, vinarudi kesho.

Jina lipo. Lipo kwenye orodha, kwa mwandiko wa Gervasi, kwenye kabati la chuma ofisini kwenu kanisani. Thobias amekuja kuliomba, karani akamwambia ni nyaraka za ndani. Report mliyotuma kwa wafadhili inasema watu thelathini na moja waliokolewa na wote walifika salama. Thelathini na moja. Yule wa kwenye mawe mmemhesabu ndani ya waliofika.

Sasa nasema na nyinyi, wazee wa baraza la kanisa, na wewe unayekaa kwenye kiti cha Gervasi ukihubiri neema. Msituletee maombi ya kufunga. Msituletee barua ya pole. Scola alikuwa na nusu kikombe kwa siku, na wiki hii imekuwa robo. Fungueni kabati. Mrudisheni Gervasi, popote mlipomficha, asimame mbele ya watu awe yeye anayesoma, mic ikiwa wazi, jina baada ya jina, na kila jina mngoje mwenyewe aitike au nduguye aitike, mpaka mfike kwenye lile ambalo hapatakuwa na mtu wa kuliitikia. Akilifikia hilo aache kusoma, apige magoti, aliseme tena, amwombe. Jumapili hii. Ijayo hatuna.